Saa moja asubuhi na bado hakujakucha: kuyaelewa majira ya Seattle

Katikati ya Desemba, saa moja na robo asubuhi, nilimpigia mama simu ya video. Kwake Tanga ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni. Baada ya shikamoo na marahaba aliisogeza simu karibu na uso, akalitazama dirisha lililokuwa nyuma yangu, jeusi tii. Yeye alikuwa amekaa barazani, jua la mwisho limeupiga ukuta wa jirani.

"Mwanangu, na huko kumeshakuchwa?"

"Hapana, Mama. Huku hakujakucha."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ninalala vizuri.

Mama hajawahi kufika Seattle, mji wa kaskazini-magharibi mwa Marekani ninakoishi, lakini swali lake hilo la pili lilikuwa na maana kuliko ushauri wote niliopewa nilipohamia huku. Kila mtu aliniambia habari za mvua. Nunua koti, nunua mwavuli, ule ni mji wa mvua. Nilinunua vyote, na majira ya baridi ya kwanza yakaniangusha vilevile, kwa sababu nilijikinga na kitu ambacho hakikuwa na shida. Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wanaohamia Kent, Tukwila, SeaTac na Federal Way, miji iliyo kusini mwa Seattle ambako Kiswahili cha Kenya na cha Kongo hukisikia hata kwenye basi. Naandika pia kwa jamaa waliobaki nyumbani, wanaojiuliza kwa nini sauti ya mtu wao hubadilika ikifika Novemba.

Mvua tuimalize kwanza. Seattle hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. New York hupata zaidi ya 1,200 na Miami zaidi ya 1,500. Dar es Salaam nayo haiko mbali na Seattle, na Unguja huizidi waziwazi. Kwa kipimo cha ndoo, basi, Mzanzibari hana cha kuogopa huku. Tofauti iko kwenye mgawanyo. Masika yetu hufungua mbingu: barabara zinageuka mito, daladala zinakwama, halafu baada ya saa mbili jua linawaka na matope yanafuka mvuke. Seattle huchukua kiasi kilekile na kukigawa kwa siku kama 150, nyingi zikiwa kati ya Oktoba na Aprili. Kinachodondoka mara nyingi ni rasharasha. Radi ni nadra. Unaweza kukaa ndani asubuhi nzima usijue kama inanyesha mpaka uliangalie dimbwi lililo nje.

Baridi nayo haitishi kama inavyosimuliwa. Mchana wa Desemba hufika nyuzi 8 hivi na usiku hushuka hadi 3, kwa sababu bahari iliyo karibu haiachi hewa ipoe sana. Theluji huanguka siku chache. Aliyelelewa Njombe au Limuru anaijua baridi ya namna hiyo.

Kinachobaki ni mawingu, na hapo ndipo penye kisa chenyewe. Pwani ya Uswahilini tunaishi kwa kaskazi na kusi, pepo mbili zinazopokezana zamu. Bahari ya Pasifiki upande wa kaskazini ina mifumo miwili inayofanya kazi inayofanana na hiyo. Wakati wa baridi, mgandamizo mdogo wa hewa hutawala karibu na visiwa vya Aleutian, kule Alaska, na kuzisukuma kuelekea pwani dhoruba moja baada ya nyingine, zote zimebeba unyevu wa bahari. Ikifika Julai, mgandamizo mkubwa wa hewa uliokuwa kusini unakuwa umepanda na kukaa mbele ya pwani kama mlango uliofungwa. Hewa iliyo chini yake inashuka badala ya kupanda, mawingu ya mvua hayajengeki, na dhoruba zinapita mbali kaskazini. Ndiyo maana Julai na Agosti kwa pamoja hazifikishi hata milimita 50. Mji uleule unaosemwa kwa mvua huwa na majani yaliyokauka hadi kuwa manjano mwezi wa Agosti.

Kisha kuna milima. Anayeifahamu Kilimanjaro anajua kwamba upande wa Marangu ni kijani, migomba imefungamana, ilhali upande wa pili unaotazama Amboseli ni mkavu. Mawingu yamemwaga mzigo wao upande mmoja. Safu ya Olympic, iliyo magharibi mwa Seattle, hufanya hivyohivyo kwa ukali zaidi: msitu wa Hoh unaotazama bahari hupata karibu milimita 3,500 kwa mwaka, na mji wa Sequim, usiofika kilomita 100 kutoka hapo, huambulia kama 400. Seattle imekaa pembezoni mwa kivuli hicho cha milima, na ndiyo sababu mvua yake ni ya wastani. Lakini mashariki yake kuna safu nyingine, Cascade. Mji umo katikati kama maharage kwenye sufuria. Hewa baridi yenye unyevu hutuama chini, hewa yenye joto kidogo hukaa juu kama mfuniko, na wingu la kijivu linaweza kukaa hapo siku tano bila tone la maana kuanguka. Ukivuka Cascade kwa barabara kuu, kwa mwendo usiofika saa mbili, unaweza kukuta anga la bluu kama la Dodoma. Yakima, iliyo upande huo, hupata takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Nawajua watu wanaoendesha gari kwenda ng'ambo hiyo Jumamosi ya Januari kwa sababu moja tu: kukaa juani wakanywe chai.

Juu ya mawingu ongeza mahali mji ulipo duniani, nyuzi 47.6 kaskazini mwa ikweta. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa 1:55 asubuhi na kuzama saa 10:20 jioni. Mchana wote ni saa 8 na dakika 25. Hata saa sita mchana jua halipandi zaidi ya nyuzi 19 kutoka upeo wa macho. Linapita chini, nyuma ya miti na paa za nyumba. Tanga, siku linapokuwa chini kabisa mwaka mzima, jua la adhuhuri bado hupita nyuzi 60. Kwa hiyo mwanga wa Seattle huja kwa mshazari, ukikata hewa nene, halafu unakutana na lile wingu.

Kwetu sisi hilo linagusa hata lugha. Saa ya Kiswahili huhesabiwa kwa jua. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa kumi na mbili ndiyo mpaka wa mwanga na giza. Huku mpaka huo haupo. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma: Jumamosi jua limezama muda mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kesho yake linazama kabla ya saa kumi na moja. Hakuna aliyekuaga. Kwa anayeswali, Desemba Adhuhuri huingia saa sita na dakika chache, Alasiri saa nane, Magharibi saa 10:20. Swala tatu ndani ya saa nne na kidogo, na anayefanya kazi ghalani ana mapumziko ya nusu saa.

Sasa mwili. Mwanga hupimwa kwa lux. Jua la mchana la ikweta hufikia lux 100,000. Siku ya mawingu mazito Seattle, nje kabisa, ni lux elfu chache. Ofisini ni 300 hadi 500, na sebuleni jioni ni pungufu ya hapo. Jicho halikwambii tofauti hii, kwa kuwa mboni hufunguka na ubongo hurekebisha, ukaona sebule yako ina mwanga wa kutosha. Lakini nyuma ya jicho kuna chembe nyingine ambazo hazishughuliki na kuona. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama kumekucha. Ubongo ukipata habari hiyo asubuhi, hupunguza homoni ya usingizi iitwayo melatonini na kuipanga saa ya mwili kwa siku nzima. Usipoipata, saa hiyo huanza kuchelewa. Mwili wako upo kazini, lakini kwa hesabu yake bado ni alfajiri.

Aliyelipa jambo hili jina alitoka barani mwetu. Norman Rosenthal, daktari wa akili aliyezaliwa Afrika Kusini, alihamia New York miaka ya 1970 na kujiona akinywea kila majira ya baridi na kuchangamka kila yanapoisha. Mwaka 1984, akiwa kwenye taasisi ya taifa ya Marekani ya afya ya akili, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kwanza rasmi ya sonona ya majira, yaani ugonjwa wa huzuni unaorudi kila baridi, pamoja na tiba ya kumweka mgonjwa mbele ya taa kali. Napenda kuwakumbusha wenzangu kisa hicho. Haikuwa mtu mvivu aliyetafuta kisingizio. Alikuwa mgeni kutoka nchi ya jua kama sisi, akauliza swali.

Dalili zake hupotosha. Sonona tuliyozoea kuisikia humnyima mtu usingizi na chakula. Hii ya baridi mara nyingi hufanya kinyume: unalala kwa muda wa saa kumi na kuamka umechoka, unatamani wanga na sukari, unanenepa, simu inaita unaitazama tu. Si kila mtu hupata ugonjwa kamili. Wengi wetu hupata kivuli chake. Na hapo ndipo jamii yetu inapokosea, nalisema hili kwa uchungu. Huku tunamwita mtu huyo mvivu. Nyumbani wanasema amebadilika, amepata maisha, siku hizi hapokei simu. Nimewahi kukaa na kijana aliyekuwa ameshawishika kwamba amerogwa, kwa sababu kila Novemba nguvu zilimtoka na kila Mei zikarudi. Nikamwuliza anafanya kazi saa ngapi. Zamu ya usiku. Anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi gizani, analala, anaamka saa kumi jioni jua likiaga. Alikuwa amekaa wiki sita bila kuuona mchana.

Dawa ya kwanza ni kuacha tabia moja tuliyotoka nayo nyumbani. Kwetu mvua husubiriwa. Ikianza unajibanza kibarazani, mnapiga soga na usiowajua, inapita, mnaendelea na safari. Ni tabia yenye akili kwa mvua ya kwetu. Ukisubiri hivyo Seattle utasubiri hadi Aprili, na muda wote huo utakuwa umejifungia kwenye lux 300 huku nje, hata kukiwa na wingu zito, kuna mara kumi ya hizo. Wenyeji hawabebi miavuli sana. Wanavaa koti lisilopitisha maji lenye kofia na kutoka. Toka nawe, dakika 20 au 30, mapema kadiri uwezavyo kukishakucha, au saa sita wakati wa mapumziko. Huna haja ya kuliona jua. Jicho linahitaji anga tu.

Ya pili ni taa maalumu ya lux 10,000, ya kuwekwa pembeni kidogo ya uso, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, dakika 20 hadi 30 baada ya kuamka. Usiikodolee macho, kunywa chai yako, soma. Ukiiwasha jioni itakuharibia usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuambiwa ana maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, aanze kwa daktari. Na mtu akianza kuona bora asiwepo duniani, hilo ni la kupigiwa simu usiku huohuo: Marekani nzima namba ni 988, na unaweza kuomba mkalimani.

Kuna fundo moja ambalo watu wengi hawalifungui, hata baadhi ya wanaotushauri. Mwanga unaohitajiwa na jicho na ule unaohitajiwa na ngozi ni vitu viwili tofauti. Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwa miali isiyoonekana, na miali hiyo haifiki chini jua linapokuwa limeinama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba Boston, ambayo iko kusini zaidi ya Seattle, ngozi haikutengeneza vitamini hiyo kuanzia Novemba hadi Februari. Edmonton, kaskazini zaidi, kipindi hicho kilianza Oktoba na kufika Machi. Seattle iko katikati ya miji hiyo. Ngozi nyeusi, ambayo kwetu ni ngao, huku huhitaji jua la muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kilekile, na anayejifunika mwili hupata pungufu hata ya hapo.

Kwa hiyo matembezi yako ya Desemba yataisaidia saa ya mwili lakini hayatakupa vitamini D hata tone. Taa nayo haikupi, maana hutengenezwa makusudi ili ichuje miali hiyo. Na kidonge cha vitamini D hakiamshi ubongo asubuhi. Nimeona watu wakimeza vidonge miezi mitatu, wanakaa gizani, kisha wanasema dawa za wazungu hazifanyi kazi. Kila tatizo lina ufunguo wake. Kiwango kinachoshauriwa Marekani ni yuniti 600 kwa siku kwa mtu mzima, 800 kwa aliyepita miaka 70, na usivuke 4,000 bila daktari kukupima damu. Akina mama wanaonyonyesha nawaomba walisikie hili: maziwa yako ni mazuri, lakini hayana vitamini D ya kutosha, na madaktari wa watoto hushauri mtoto anyonyeshwaye apewe matone ya yuniti 400 kila siku tangu siku za mwanzo. Matege hayajaisha duniani.

Baada ya yote hayo, watu hudhani kiangazi kikija mambo yamekwisha. Kwanza hakiji kwa wakati. Mei hudanganya kwa wiki moja ya joto, kisha Juni hurudisha mawingu hadi wenyeji wameunganisha Juni na Januari kuwa jina moja. Wanasema kiangazi huanza tarehe 5 Julai, siku moja baada ya sikukuu ya uhuru, na mara nyingi huwa kweli. Mwishoni mwa Septemba kinaanza kuondoka. Ni wiki kumi, kumi na mbili.

Lakini wiki hizo! Mlima Rainier, wenye mita 4,392, uliokuwa umefichwa majira yote, unasimama mweupe kabisa kusini mwa mji, na watu wazima ofisini wanaambiana kwamba mlima umetoka. Jua la Juni huchomoza saa 11:11 alfajiri na kuzama saa 3:10 usiku. Nilimpigia mama tena mwezi huo, saa mbili na nusu usiku. Tanga ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Kumekucha huko?" akauliza. "Hakujakuchwa bado, Mama." Safari hii alicheka.

Mwanga huo mrefu una kazi yake. Watoto hawalali, weka pazia zito. Ramadhani ilipoangukia Juni, mwaka 2016 na 2017, watu walifunga takriban saa 18 kwa siku. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi kwa kuwa zilijengwa kwa hali ya hewa ya ubaridi, na tarehe 28 Juni 2021 joto lilifika nyuzi 42. Wazee wanaoishi peke yao ndio wa kutembelewa siku kama hiyo. Moshi wa misitu inayoungua nao umekuja miaka kadhaa, Agosti au Septemba. Na maji, hasa ya bahari ya Puget Sound, hubaki baridi hata jua likiwaka namna gani. Kijana aliyejifunza kuogelea Mombasa asirukie kama anaruka Nyali. Mwili hushtuka, pumzi hukatika.

Hapa pia kuna tabia ya kuiacha. Kwetu jua la mchana hukimbiwa, kivuli ni heshima. Miaka yangu miwili ya mwanzo nilizipitisha Jumamosi za Julai ndani, pazia limefungwa, nikipika. Majirani wote walikuwa nje, na sikuelewa walikuwa na haraka ya nini.

Jirani yangu mmoja ni mama kutoka Uvira, Kongo. Novemba madirisha ya jikoni kwake hutiririka maji, maana sombe, yaani kisamvu, huchemka saa nyingi na mvuke hauna pa kutokea. Tulianza kuzoeana nilipomwonyesha feni iliyo juu ya jiko na kumwambia aiache ikizunguka kabla kuvu nyeusi haijapanda ukutani. Mwaka jana nilimkuta anatazama kalenda. Alitaka kujua ni lini hasa siku zinaacha kufupika. Nikamwambia wengi husema tarehe 21 Desemba, na kwa urefu wa mchana ni kweli, lakini asubuhi na jioni haziendi pamoja. Jua huendelea kuchelewa kuchomoza hadi mwanzoni mwa Januari, ilhali jioni iliyo fupi kuliko zote huwa karibu na tarehe 11 Desemba. Kuanzia hapo jua huanza kuchelewa kuzama, dakika kwa dakika, na mwishoni mwa Januari linafika saa kumi na moja kamili.

Alichukua kalamu, akaizungushia 11.

"Kumbe njo siku jua inaanza kurudia," akasema, akarudi kukoroga sombe.